Masikio ya Watu Wote

Nianze na ubao, maana usipoujua ubao hutanijua mimi. Ulikuwa wa futi nane, umepigwa msasa ukalainika, na jirani yangu fundi seremala aliutundika juu ya karakana yake pale Sakina, upande unaotazama barabara ya Nairobi, ili kila basi liendalo Namanga liusome. Aliyeuandika ni mimi. Rangi nyekundu, kivuli cheusi, herufi zimesimama kama askari wa gwaride: THAMANI ZA NYUMBANI. Nilikuwa nimekusudia samani. Vitanda, makabati, meza za kulia chakula. Lakini masikioni mwangu samani na thamani lilikuwa neno moja lenye mavazi mawili, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kidato cha nne, nilichagua vazi lililoonekana limesoma zaidi.

Ubao ulikaa wiki nzima bila mtu kusema neno, jambo linaloonyesha kwamba sikuwa peke yangu. Siku ya nane akapita mama mmoja mfupi mnene, mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi. Akasimama kwenye vumbi la mabasi, akausoma kwa sauti, taratibu, ulimi ukichungulia katikati ya meno kwenye ile th.

"Thamani za nyumbani," akasema. "Kumbe siku hizi thamani inapigwa vanishi. Haya, ruksa."

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila kilichokuwa kimefichwa kimetolewa nje kuuzwa, kwa hiyo hata yeye hakuwa mbali na ukweli. Fundi alinigeukia. Mimi nikaugeukia mlima Meru, kama mtu anayekagua dalili za mvua.

Huyo ndiye Mlezi. Mtaa mzima tulimwita hivyo, na hapa sitamwita vingine. Ukoo wake na mwaka wake wa kuzaliwa sikuwahi kuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujibu swali ambalo hajaulizwa. Nilichojua ni kwamba alifanya kazi miaka mingi kwenye wodi ya wazazi ya hospitali moja huko mlimani. Hakuwa nesi, na hakupenda mtu amdhanie nesi. "Mimi nilikuwa wa kupiga deki na kubeba watoto," alikuwa akisema. "Manesi walikuwa na saa na kalamu. Mimi nilikuwa na mtoto." Ile th yake, aliniambia baadaye, alifundishwa na sista mmoja wa kutoka Tanga waliyekuwa naye zamu moja, ambaye alikuwa hawezi kusikia mtu akisema "zambi" bila kumrudisha nyuma aitubu upya kwa matamshi sahihi.

Alipostaafu alipanga vyumba viwili nyuma ya nyumba yetu, na wanawake wakaanza kumwachia watoto. Ndiyo ilikuwa hali. Viwanda vilikuwa vinapunguza watu, wanaume wanarudi nyumbani na barua, na wake zao wanafunga vitenge viunoni wanaelekea Namanga kufuata biashara. Mimi nilikuwa mmoja wa wanaume wenye barua. Nilikuwa karani wa stoo. Ukweli ni kwamba nilikuwa mpenda nyumbani hata kabla ya hapo. Kupunguzwa kazini kulinipa tu kibali rasmi. Mke wangu akaingia kwenye mitumba, mimi nikabaki na jiko, na ua, na binti yetu Furaha, aliyekuwa hajafikisha hata miezi miwili. Wanaume wenzangu walinitania hadi wakachoka. Fundi hakuchoka. "Baba Furaha," alikuwa akiniita juu ya ukuta, "nepi zimekauka, anua kabla ya mvua." Kibaya ni kwamba mara nyingi alikuwa sahihi.

Mlezi alikuwa na namna yake ya kuwajibu watoto wachanga. Mtoto akitoa sauti yoyote, hata ile ya kucheua, yeye hujibu "Marahaba." Akisema "aaa," anaambiwa, "Ndiyo, baba, hata mimi nimeliona hilo." Halafu ananyamaza, anamtazama usoni, anasubiri. Akisubiri kwa muda mrefu sana mtoto hutoa sauti nyingine, na mazungumzo yanaendelea. Niliwahi kumkuta na kitoto cha miezi mitatu wakijadiliana hivyo kuhusu chandarua kwa muda ambao mimi na mke wangu hatukuwahi kujadiliana jambo lolote.

Na watoto aliongea akivuta maneno, akiyapandisha na kuyashusha, kila neno limeoshwa likaanikwa peke yake. Na sisi watu wazima aliongea kwa mkato, mkavu, kama anayelipia kila silabi. Nilimuuliza kwa nini. "Nyinyi mmeshachambua," akasema. "Kuongea nanyi taratibu ni kumaliza mate bure." Kuchambua ni neno lake, nitalieleza.

Viti vinavyolia alivichukia. Kiti kikitoa mlio chini ya mgeni, mgeni alihamishiwa kwenye mkeka, hata angekuwa mzee wa kanisa. "Mtoto anajifunza nini ni maneno na nini si maneno," alisema. "Nitamwelezaje kwamba hicho ni kiti?" Fundi alimtengenezea vigoda vitatu, na vyote vilirudishwa, kimoja mara mbili.

Usidhani alikuwa na busara katika kila kitu. Alikataza kabisa mtoto kupewa yai kabla hajaongea, akidai yai linafunga ulimi, na ukimuuliza ushahidi anakutajia kijana mmoja wa mlimani ambaye, kwa maelezo ya watu wengine, alikuwa tu mpole. Aliisema vibaya redio asubuhi hadi jioni, lakini ikifika saa ya matangazo ya vifo alikuwa anasimama chini ya dirisha letu, kidole mdomoni kutunyamazisha, akisikiliza majina yote hadi mwisho. Nilimkumbusha maneno yake ya asubuhi. "Wale wanaotangazwa wananihusu mimi," akasema. "Hawamhusu mtoto."

Sasa nije kwenye redio, maana kosa la ubao lilikuwa la hadharani. La redio lilikuwa la chumbani na lilikuwa baya zaidi.

Miaka ile shule za Kiingereza zilianza kuchipuka Arusha, kila moja na geti la rangi na jina la akademi. Nikawaza: kwa nini mwanangu asubiri mpaka afikishe umri wa kuanza chekechea? Nikachukua redio, nikaitafutia stesheni ya Kiingereza cha huko mbali, ile inayokuja na kuondoka kama mawimbi, nikaiweka upande wa kichwa cha kitanda chake. Ikawaka anapoamka, ikazimwa anapolala, na saa ya vifo tu ndipo ilipohamishiwa stesheni ya Kiswahili. Mimi mwenyewe sikuelewa hata nusu, ila mtangazaji akipumua nilikuwa natikisa kichwa kama aliyeelewa, ili mtoto asinigundue. Na ili nisimchanganye, nilipunguza kuongea naye. Mtu niliyeshinda naye kutwa nzima nilimnyamazia, kwa ajili ya elimu yake.

Furaha alipofikisha miezi saba, mke wangu akiwa Namanga, siku moja asubuhi nikagundua kwamba mtoto hageuki. Redio ilikwaruza kwa kishindo, hakugeuka. Basi likapiga honi ya kutoa roho hapo nje, hakugeuka. Nikamwita kwa Kiingereza changu cha karani wa stoo. Akaendelea kutafuna kona ya shuka.

Hapa niseme jambo ambalo sina utani nalo. Mdogo wangu alikuwa kiziwi, na nyumbani tulijua akiwa na miaka sita. Kabla ya hapo tulijua ni mkaidi. Alichapwa kwa kutoitika, akachapwa kwa kutotii, na mimi kaka yake nilikuwa mmoja wa wachapaji. Alikuwa anatutazama midomo tu, akijaribu kukisia kosa lake. Kwa hiyo Furaha alipokosa kugeuka, sikuona mtoto anayetafuna shuka. Nilimwona mdogo wangu.

Nikachukua sufuria na mwiko, nikasimama nyuma yake, nikapiga. Alishtuka akalia. Nikamshukuru Mungu. Baada ya muda mashaka yakarudi, nikapiga tena. Safari hii aligeuka tu. Nikatulia, nikapika, nikapiga tena. Akatikisa mguu. Kufikia saa kumi nilikuwa napiga hadi fundi akasimamisha randa yake akachungulia juu ya ukuta, na Furaha hakupepesa hata jicho. Nikakokotoa kama nilivyofundishwa shule: asubuhi anasikia, mchana anasikia nusu, jioni hasikii. Masikio ya mwanangu yalikuwa yameisha kwa siku moja, mbele yangu, nikiwa zamu.

Nilimfunga kwenye khanga nikaenda nyuma kwa Mlezi, chupa ya maziwa mfukoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe mwenye sufuria?"

"Ni mimi. Mama, huyu mtoto hasikii. Mama yake anarudi Ijumaa, sijui nitamwambia nini."

"Kaa kwenye mkeka. Unyamaze. Hilo la pili ndilo litakalokushinda."

Alimpakata Furaha, uso wa mtoto ukielekea ukutani, akampa chupa. Kisha akachukua kidole changu akakiweka chini ya kidevu cha mtoto, pale panapocheza wakati wa kunyonya. "Usiangalie. Sikia kwa kidole." Akaanza kusema, mdomo haumgusi mtoto, sauti ya kawaida tu: ba, ba, ba, ba. Kidevu kikasimama. Mtoto anasikiliza. Kisha kikaanza tena, polepole, halafu kwa kasi, na ile ba, ba, ba ikiendelea kama manyunyu juu ya bati, mpaka hata mimi nikaanza kusinzia. Hapo akasema: pa.

Kidevu kikasimama.

"Umeona?" akaniuliza.

Akarudia, safari hii ma, ma, ma, kisha na. Mwanangu alichoka na ma, akarudi kwenye maziwa yake, na ilipokuja ile na, akaiacha chuchu ya chupa mdomoni bila kuivuta, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa chumba cha pili. Mlezi akaendelea na sa, sa, sa. Muda ukapita. Kidevu kikasimama tena.

"Ameshiba," nikasema.

"Hajashiba. Nimebadilisha."

"Umebadilisha lini?"

"Nimeacha sa, nimekwenda tha. Mwenzio kasikia."

Nilikaa pale na kidole changu. Fikiria hali yenyewe: nimemleta mtoto apimwe uziwi, na kati yetu wawili aliyefeli ni mimi.

"Huyu hana uziwi," Mlezi akasema akimwinua begani. "Huyu amechoka. Amechoka na redio, amechoka na honi, na leo umemchosha na sufuria. Kitu kisichobadilika mtoto anakiacha. Wewe ungekuwa unageuka kila basi likipita, ungekuwa na shingo leo?"

"Lakini ile ni lugha, mama. Kiingereza."

"Umewahi kuiona redio ikimwangalia? Akisema aaa, inamjibu? Inanyamaza apate nafasi? Basi kwake hiyo ni mvua. Nenda kaizime, ongea naye."

"Niongee nini?"

"Chochote. Mwambie kuhusu ubao wako."

Mke wangu aliporudi Ijumaa nilimwambia yote, sikuficha. Alisikiliza akiwa amekaa juu ya robota la nguo, akamchukua mtoto akamkumbatia kwa muda, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Uliyoipiga ni sufuria yangu mpya?"

Tangu hapo nilikuwa nampeleka Furaha kwa Mlezi kila siku, hata nilipokuwa sina kazi yoyote ya kuniweka mbali naye, ambayo ilikuwa ni kila siku. Nilisema nampeleka mtoto acheze na wenzake. Uongo. Nilikuwa nakwenda kuuliza maswali. Jambo lile lilikuwa limeniingia kichwani: mtu asiye na jino, asiyejua mkono wake ni wa nani, anasikia kitu ambacho mimi na cheti changu hatukisikii. Kakipata wapi?

"Hajakipata popote," Mlezi alisema. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. "Amekuja nacho. Mtoto anazaliwa na masikio ya watu wote. Umzae Nkoaranga huko mlimani, umzae Umasaini, umzae kwa Wahindi kule mjini, yote anasikia. Halafu anakaa na nyinyi. Anasikiliza: hawa wanatumia nini, hawatumii nini. Akikaribia kusimama, ameshachambua." Akatupa jiwe dogo uani. "Yanayoliwa kwao yamebaki. Mengine ametupa."

"Na mimi nilitupa ile th?"

"Wewe ulitupa vingi."

Kunithibitishia akaniletea simba. Mimi ni Mmeru wa jina tu. Nililelewa kwenye nyumba za kiwanda, baba na mama kila mmoja na lugha yake, wakakutana kwenye Kiswahili wakabaki humo. Kimeru nasalimia, Kimaa, lugha ya Wamasai, hata salamu nakosea. Mlezi alizijua zote mbili kama vyumba vya nyumba moja. Akasema sentensi ya Kimaa, fupi, ndani yake nikasikia neno la simba, olng'atuny. Akasema nyingine.

"Ya kwanza, mtu kaua simba," akasema. "Ya pili, simba kaua mtu. Umesikia tofauti?"

"Umesema kitu kimoja mara mbili."

"Maneno ni yaleyale. Kinachobadilika ni sauti, inapanda wapi, inashuka wapi. Sikiliza." Akarudia. Nikasikiliza hadi jasho likanitoka. Nilisikia simba mmoja, mzima, amekaa.

Nikaenda kumuuliza fundi, ambaye ni Mwarusha wa hapohapo Sakina na Kimaa ndicho cha kwao. Akaisema ya kwanza, akaisema ya pili, akaniangalia kwa huruma. "Baba Furaha, wewe usiende porini," akasema. "Watakupigia kelele simba kaua mtu, wewe utakwenda kumpongeza."

Lakini Furaha alisikia. Kidole changu ndicho shahidi. Mtu alipoua simba kidevu kilisimama, kikazoea, kikaendelea na maziwa. Simba alipoua mtu, kikasimama tena. Alikuwa na miezi minane, na habari za porini alikuwa anazifuata kuliko baba yake.

Kulikuwa na mtoto mwingine pale, wa mwalimu mmoja wa kutoka pwani, nyumbani kwao Kiswahili kitupu, ambaye aliletwa siku za mitihani tu. Alipokuwa na miezi mitano Mlezi alinionyesha kwamba naye anamsikia simba. Aliporudishwa tena alikuwa anakaribia mwaka, anasimama kwa kushika kigoda. Nikaomba tujaribu. Mtu kaua simba, mtu kaua simba, simba kaua mtu, na maziwa yakaendelea kushuka bila kituo. Mlezi akajaribu mara tatu. Hakuna.

"Ameshachambua," akasema.

Nilijisikia vibaya, kama nimeona kitu kikidondoka kwenye maji. Nikamwambia hivyo. Alinikemea. "Usimhurumie. Atabeba vyote aende navyo wapi? Asipochambua, ataanza lini kuongea? Huyu sasa anasikia vya kwao vizuri kuliko mwezi uliopita. Ngoja umwone." Na kweli, haikupita muda mtoto yule alikuwa anaita vitu, na th yake ilikuwa th.

"Na Furaha? Simba wake atamtupa?"

"Ukimleta, hatamtupa. Nikiongea naye akanijibu, ataona huyu simba naye ni wa kwao."

Basi nikamleta. Mke wangu alitaka kujua kwa nini mtoto mwenye baba asiye na kazi analelewa na jirani. Nikamwambia ni kwa sababu ya simba. Hakuuliza tena, nadhani alikuwa ameanza kunizoea. Furaha alikaa miguuni kwa Mlezi mpaka alipoanza shule, shule ya kawaida ya hapo karibu, akiwa na Kiswahili cha kwetu, Kimaa cha Mlezi na vipande vya Kimeru ambavyo alivitumia kunitukana kwa heshima.

Kisha Mlezi akazeeka, miguu ikaanza kumsumbua, ndugu zake wakamchukua arudi mlimani, upande wa Nkoaranga. Mimi na kukaa kwangu nyumbani nilisema nitakwenda kumwona, nikasema hivyo miaka. Furaha alikuwa na miaka kumi na mbili tulipopata habari kutoka kwa mtu wa sokoni: Mlezi hasikii tena. Watu wanampigia kelele, haitiki. Shikamoo haijibu. Pale nyumbani wameacha kuongea naye, wanamwonyesha kwa mikono: kula, kaa, lala.

Furaha aliweka kijiko chini. "Baba, twende Jumamosi," akasema. Kwa namna alivyolisema sikupata pa kujificha.

Fundi akasema naye anakwenda, ana kiti cha kumpelekea. Alikuwa amekitengeneza kwa siri, cha mgongo, gundi tupu bila msumari hata mmoja, akidai hiki hakitatoa mlio hadi siku ya kiyama. Njia za kule ni za miguu na zinapanda kama ngazi, kahawa kushoto, migomba kulia. Fundi alipanda na kiti kichwani. Mimi sikuwa nimebeba kitu, na nilisimama kupumua mara nyingi kiasi kwamba mama mmoja aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe alinipa pole ya msiba.

Tulimkuta uani amekaa kwenye kigoda, ametupa mgongo, anakunywa chai kwenye kikombe cha bati. Amepungua. Mke wa mpwa wake, ndiye anayekaa naye, akatupokea, akasogea hadi nyuma ya sikio lake akapiga kelele: "Bibi! Wageni!" Mlezi akanywa chai. "Mnaona," yule mama akatuambia. "Hana anachosikia. Ni wa kuonyeshwa tu."

Nilikumbuka mdogo wangu na jinsi alivyokuwa anatutazama midomo. Nikapiga hatua niende mbele yake anione. Furaha akanishika shati.

"Subiri, baba," akasema. "Asituone kwanza. Na nyamazeni."

Akasimama nyuma ya bibi, hatua tatu hivi. Sikuwa nimemfundisha. Nilikuwa nimemsimulia tu, labda mara mia. Akaanza kwa sauti ya kawaida: sa, sa, sa, sa. Kikombe kilipanda, kikashuka. Tha. Kikombe kikapanda. Akajaribu fa. Kikombe kikashuka, bibi akafuta mdomo kwa ukingo wa khanga. Yule mama akanitazama kama kusema, nilikwambia. Nilitaka kumwambia mwanangu tuache, tusimtese mzee mbele ya watu.

Furaha akashusha sauti, akaifanya nzito, akasema ile sentensi ya Kimaa. Kikombe kikasimama njiani. Hakugeuka. Furaha akasema tena, vilevile. Chai ikaendelea. Akasema mara ya tatu, vilevile, na mzee akanywa kana kwamba ni upepo kwenye migomba. Mara ya nne, kwa masikio yangu, akasema kitu kilekile.

Mlezi akaweka kikombe chini.

"Amueni," akasema, bado ametupa mgongo. "Mara tatu mtu kaua simba. Sasa simba kaua mtu. Tunazika nani?"

Furaha alikwenda akapiga magoti mbele yake, akasema shikamoo kwa ile sauti ya chini, na tukasikia "Marahaba" iliyovutwa, ikapanda na kushuka, ile aliyokuwa anawapa wachanga. Yule mama wa nyumbani alisimama na mikono kichwani.

"Wananipigia kelele," Mlezi alieleza, akimshika Furaha mashavu. "Kelele haina maneno ndani. Zile sauti za meno zimeondoka, za upepo zimeondoka. Zimebaki za kifuani. Mtu akiniambia taratibu, kwa chini, nashika." Kisha akaniona. Uso ukaanza kucheka kabla yeye hajacheka. "Baba Furaha. Samani na thamani, siku hizi kwangu ni kitu kimoja. Tumekuwa sawa."

Yule mama aliomba afundishwe pale pale. Furaha akamkalisha: punguza sauti, sogea karibu, usiharakishe, subiri ajibu. Alijaribu kumuuliza bibi kama ataongezewa chai. Bibi akamjibu kwamba ndiyo, na kwamba chai yenyewe tangu mwezi wa jana haina sukari, alikuwa hana wa kumwambia. Fundi akaleta kiti. Mlezi akakikalia, akajitikisa kushoto, akajitikisa kulia, kama zamani.

"Kinalia?" akamuuliza Furaha.

"Kidogo, bibi. Mguu wa nyuma."

"Nilijua," akasema kwa kuridhika, na fundi akainama kuutazama mguu wa nyuma akinuna.

Njiani tukishuka, giza likiwa bado mbali na Meru wazi mpaka juu, nilimwomba Furaha aniambie tena zile sentensi mbili, polepole, ili na mimi nijue ni ipi ya nani. Akasema ya kwanza. Akasema ya pili. Nikamwomba arudie. Akarudia hadi tukafika barabarani, na mimi bado nina simba mmoja. Fundi, aliyekuwa ametembea mbele yetu muda wote, mguu wa kiti ukimuuma moyoni, akasimama akanigeukia.

"Mtoto anasikia, bibi anasikia," akasema. "Kiziwi ni wewe, Baba Furaha, na ubao wangu mwaka wa kumi na mbili huu bado unauza thamani."